Princess Diana: Ugonjwa wa kula na kujitapisha alioficha kwa miaka, na rafiki aliyekataa kunyamaza

Tazama picha za harusi yake ya Julai 29, 1981. Unamwona binti wa miaka 20 akiingia kanisa la St Paul's jijini London na gauni lenye mkia wa zaidi ya mita saba. Mamilioni ya watu duniani walimtazama kwenye televisheni. Kumbe bibi harusi alikuwa anaumwa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa bulimia. Mtu anakula chakula kingi sana kwa muda mfupi na anashindwa kujizuia. Akimaliza, anaingiwa na aibu na hofu ya kunenepa, basi anajitapisha, anatumia dawa za kuharisha au anashinda na njaa. Baada ya muda anarudia tena. Daktari Gerald Russell wa London ndiye aliyeueleza ugonjwa huu na kuupa jina mwaka 1979, miaka miwili tu kabla ya harusi hiyo.

Ulivyoanza

Diana Spencer alizaliwa Julai 1, 1961 huko Norfolk, Uingereza, kwenye familia yenye mali na cheo. Ila nyumbani hakukuwa na amani. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo na kupeana talaka mwaka 1969. Alipokua alifanya kazi ya kulea watoto kwenye shule ya chekechea jijini London.

Februari 1981 ilitangazwa kwamba ataolewa na Charles, mrithi wa kiti cha ufalme. Kwa maelezo yake mwenyewe, bulimia ilianza wiki moja tu baadaye. Alieleza kwamba neno moja la mchumba wake kuhusu kiuno chake lilimchoma. Kati ya siku aliyopimwa gauni mara ya kwanza na siku ya harusi, kiuno chake kilishuka kutoka inchi 29 hadi 23 na nusu.

Siri ndani ya ikulu

Aliwazaa William mwaka 1982 na Harry mwaka 1984. Alizunguka nchi nyingi, akakaa kwenye meza za karamu, akacheka na watu. Usiku akiwa peke yake, ugonjwa ulirudi. Magazeti yaliandika kuhusu nguo zake na jinsi alivyopungua, lakini umma haukujua anachopitia.

Hapo ndipo bulimia inapodanganya watu. Wengi wenye ugonjwa huu hawajakonda sana. Uzito wao ni wa kawaida, wanakula mbele yako, wanaenda kazini. Ndani, mwili unaharibika. Asidi ya tumbo inakula meno, koo linauma, mashavu yanavimba karibu na masikio. Hatari kubwa zaidi ni kupungua kwa madini ya potasiamu mwilini, maana hapo moyo unaweza kudunda vibaya na hata kusimama.

Rafiki aliyembana

Mambo yalibadilika mwaka 1988. Carolyn Bartholomew, rafiki aliyewahi kuishi naye fleti moja, aliona hali imezidi. Alimpa Diana chaguo moja: aende kwa daktari, au yeye ataitoa siri hiyo kwa waandishi wa habari. Diana akakubali.

Alianza kuonana na Maurice Lipsedge, daktari wa magonjwa ya akili wa Hospitali ya Guy's, London. Tiba kubwa ilikuwa mazungumzo, tena ya kurudiwa kila wiki. Ugonjwa haukuisha kwa siku moja, lakini taratibu ulianza kumwachia.

Siri ilitoka hadharani Juni 1992 kupitia kitabu cha Andrew Morton. Diana hakurudi kujificha. Aprili 1993 alisimama kwenye mkutano wa London kuhusu matatizo ya ulaji na kulizungumzia jambo hilo mbele ya watu, na mwaka 1995 akaeleza ya kwake kwenye televisheni ya BBC. Alifariki kwa ajali ya gari jijini Paris, Agosti 31, 1997, akiwa na miaka 36.

Na sisi huku Mara?

Unaweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu na ikulu zao. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowahoji wanawake na wasichana zaidi ya 200 hapa Tanzania, uliwakuta wachache wenye dalili nzito za matatizo ya ulaji. Na hiyo ni kabla simu janja hazijajaa mifukoni.

Leo binti wa Bunda anasifiwa na shangazi kwamba amenenepa, kapendeza. Akifungua simu, anaambiwa mwili huohuo ni aibu. Akianza kutapika, nyumbani watawaza mimba, vidonda vya tumbo au kulogwa. Na vijana wa kiume pia wanaugua, ila wao ndio wanaoficha zaidi.

Ukiona mtu anakimbilia chooni kila baada ya kula, chakula kinapotea jikoni bila maelezo, au haachi kuongelea unene wake, muulize kwa upole mkiwa wawili. Usimtanie, usimlazimishe kula. Si lazima umtishie kama Carolyn. Jitolee kumsindikiza.

Kama ni wewe, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, iwe Butiama, Bunda au Musoma. Sema wazi: nakula kupita kiasi, halafu najitapisha. Usiishie kusema tumbo linasumbua, maana utapewa dawa ya tumbo na kurudi nyumbani. Omba kupimwa damu na kupewa rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili. Musoma kuna Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere, na Mwanza kuna Bugando. Tiba ipo: ushauri wa kitaalamu unaobadili mawazo na mazoea ya kula, na wengine huongezewa dawa na daktari.

Ukizimia, moyo ukienda mbio au ukitapika damu, usisubiri kesho. Nenda hospitali sasa hivi.

Diana alikaa na siri hii takriban miaka saba kabla ya kupata tiba. Wewe usisubiri hivyo. Mwambie mtu mmoja leo.