Malpighi: Daktari aliyefichua kazi ya gome la mti

Mkulima wa Kerende, wilayani Tarime mkoani Mara, anajua kuwa mti uliobambuliwa gome kuzunguka shina lote hatimaye hukauka. Aliyesaidia kueleza sababu yake ni daktari wa Italia, Marcello Malpighi.

Malpighi alizaliwa mwaka 1628 huko Crevalcore, karibu na mji wa Bologna, akahitimu udaktari mwaka 1653. Mwaka 1661, kwa kutumia hadubini, aliona katika mapafu ya chura mishipa midogo mno inayopitisha damu. Baadaye akageukia mimea.

Katika jaribio lake mashuhuri alibambua ukanda wa gome kuzunguka shina, bila kukata sehemu ngumu ya ndani. Baada ya muda, gome la juu ya kidonda lilivimba, lakini la chini halikunenepa. Akahitimisha kuwa chakula cha mti hutengenezwa kwenye majani, kisha hushuka kupitia gome. Maji yenyewe hupanda kwa njia ya ndani, ndiyo maana mti uliobambuliwa haufi siku hiyo hiyo. Mizizi hufa njaa kwanza.

Kazi yake ilichapishwa London na Royal Society mwaka 1675 na 1679. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua, hadubini na maandishi yake yakateketea. Hakukata tamaa. Mwaka 1691 aliitwa Roma kuwa daktari wa Papa Innocent XII, akafariki huko mwaka 1694.

Alichobakiza kilielezwa mwaka 1930 na Mjerumani Ernst Münch: sukari ikijaa kwenye mirija ya jani huvuta maji, na msukumo wake huipeleka kwenye mizizi, matunda na viazi.

Kwa mkulima, hii ni hesabu ya mavuno. Anayechuma kisamvu kupita kiasi hupunguza sukari inayoshuka, na muhogo hubaki mwembamba. Miche izungushiwe miiba ili mbuzi wasigugune gome. Anayetafuta dawa ya gome achukue kipande kidogo upande mmoja tu, asizungushe shina. Kamba ya kufungia mifugo nayo isiachwe ikakaza shina mwaka mzima, kwani inaziba njia ile ile.