Charles Spearman: Mpimaji wa Kisichoonekana

Mwalimu wa Thika au Ruiru anaposahihisha insha, ufahamu na sarufi, huona alama tatu tu. Umilisi wenyewe wa lugha hauonekani. Hukisiwa kutokana na alama hizo. Aliyeufanya ukisiaji wa aina hii kuwa hesabu ni Charles Edward Spearman.

Spearman alizaliwa London mwaka 1863. Alihudumu jeshini kwa takriban miaka 15, kisha akajiuzulu na kwenda Leipzig, Ujerumani, kusoma saikolojia chini ya Wilhelm Wundt. Vita vya Makaburu vilimrejesha jeshini, hata akapata shahada ya uzamifu mwaka 1906, akiwa amepita umri wa miaka 40.

Miaka miwili kabla ya kuhitimu, alichapisha makala yaliyomjengea jina. Alilinganisha alama za watoto wa shule na uwezo wao wa kupambanua sauti. Aliyefaulu katika somo moja aghalabu alifaulu katika mengine. Spearman akahitimisha kuwa nyuma ya alama zote kuna kigeu fiche kimoja, alichokiita g. Alibaini pia kwamba kila kipimo kina kosa lake, nalo hufifiza uhusiano halisi. Hivyo ndivyo uchanganuzi wa vipengele fiche ulivyozaliwa. Kuanzia mwaka 1907 hadi 1931 alifundisha University College, London.

Hata hivyo, alivuka mpaka. Mwaka 1912, yeye na Bernard Hart walidokeza kuwa kiwango fulani cha g kingeweza kuwa sharti la kupiga kura na hata la kuzaa. Fikra za jamii hiyo zilifika Kenya ya kikoloni: katika miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon alidai kuwa ubongo wa Mwafrika ni duni. Kigeu fiche ni dhana ya mtafiti. Anayekigeuza kuwa thamani ya mtu ameiacha sayansi.

Spearman alifariki mwaka 1945. L. L. Thurstone alikuwa amekwisha kulipinga wazo la kipengele kimoja. Katika miaka ya 1970, Karl Jöreskog aliviunganisha vipengele fiche na mahusiano ya kisababishi. Hatimaye modeli za ukuaji zikawezesha kumfuata mwanafunzi yule yule mwaka hadi mwaka. Mtafiti wa Kiswahili hana budi kuuzingatia urithi huu, kwani mtihani mmoja humwonyesha mtoto wa Ruiru alipo, wala hauonyeshi alikotoka na kasi ya mwendo wake.