Baron Empain, mutu wa reli ya Maziwa Makuu



Hapa Ndosho tunajua chukudu, tunajua moto, tunajua malori ya kutoka Masisi. Treni tunaijua kwenye picha tu. Lakini muzungu mumoja aliyejenga reli katika Kongo yetu alilipwa udongo, na Kivu iliingia katika hesabu hiyo. Njo maana sisi wa mwaka wa sita tumeona vema kuandika maisha yake.

Édouard Empain alizaliwa tarehe 20 Septemba 1852 huko Belœil, Ubelgiji. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule tu, hakuwa tajiri. Kijana alianza kwa kazi ya kuchora mipango katika kompanyi moja ya vyuma na makaa ya mawe. Baadaye akaingia katika kujenga reli ndogo na tramu, na mwaka 1881 akafungua benki yake mwenyewe. Treni ya chini ya udongo ya Paris, iliyoanza kutembea mwaka 1900, iliendeshwa na kompanyi yake. Treni chini ya udongo! Hapa kwetu, juu ya mawe ya volkano, hata kuchimba choo ni vita.

Wakati ule Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Mwaka 1902 Empain aliunda kompanyi ya reli ya Maziwa Makuu, ile wazee waliyoiita CFL. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: muto Lualaba unapitisha meli vizuri, halafu unakatwa na maporomoko. Basi, pale meli inaposhindwa, treni inapokea muzigo. Kutoka Stanleyville (Kisangani) mupaka Ponthierville (Ubundu) ni kilomita 125, ikafunguliwa 1906. Kutoka Ubundu muzigo unarudi kwenye meli mupaka Kindu. Kutoka Kindu mupaka Kongolo ni kilomita 355, ikafunguliwa 1911. Tena meli mupaka Kabalo, tena treni kilomita 273, na mwaka 1915 reli ikafika Albertville, njo Kalemie ya leo, kwenye ziwa Tanganyika. Upakie, upakue, upakie tena: wapakizi waliijua njia hiyo kwa mabega yao.

Nani walikata pori na kulaza vyuma? Vitabu vingi vinataja Empain na mainjinia wake. Lakini mwaka 1906 dola la Leopold lilitoa amri ya kuandikisha watu kwa nguvu kwa kazi ya reli hiyo. Watu wa vijiji walitolewa kwao bila kuulizwa kama wanapenda.

Tulipojadiliana, wamoja kati yetu walisema kwamba bila Empain, Kindu haingekuwa muji. Pengine ni kweli. Lakini tuangalie malipo. Kompanyi ilipewa haki juu ya hekta milioni 4 za udongo, pamoja na haki za madini. Leopold aligawa kitu ambacho hakukirithi kwa baba yake. Mwaka 1907 alimufanya Empain kuwa baron.

Halafu ikaja zamu yetu. Mwaka 1928 haki za CFL upande wa Kivu ziliingizwa katika Comité National du Kivu, CNKi, iliyoundwa na koloni pamoja na kompanyi hiyo. CNKi ikaanza kugawia wazungu mashamba ya kahawa, chai na pareto. Huko Masisi na Rutshuru, wenyeji wakajikuta vibarua kwenye udongo wa babu zao. Na reli? Haikufika Goma hata siku moja.

Empain alikufa tarehe 22 Julai 1929. Mwili wake ulipelekwa Misri, ukazikwa katika kanisa kubwa la Heliopolis, muji aliouanzisha jangwani karibu na Cairo, na tramu yake ndani. CNKi ilikuwa na mwaka mumoja na nusu tu. Iliendelea kugawa mashamba ya Kivu miaka mingi baada yake.