Shaaban Robert na Saa Zilizobaki

Wanachama wenzangu, wengi wenu mkisikia Shaaban Robert mnakumbuka Kusadikika tu. Mimi kinachonigusa ni saa zake. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na kuanzia 1926 akawa karani wa forodha. Mchana ulikuwa wa mkoloni. Kuandika kulingoja saa zilizobaki. Mtu akitoka ofisini amechoka, si heri bao barazani? Yeye alichagua kalamu, miaka mingi, na vitabu vikapita 20! Maisha Yangu kilichapishwa 1949. Alipotimiza hamsini hakupumzika, jamani, akaandika sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini. Alifariki Juni 1962. Hiyo “baada” yenyewe ilikuwa miaka 3 na nusu hivi.