VIVIAN WOODWARD: NAHODHA ALIYEMPISHA MWENZAKE

Ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mnaoendelea na masomo, safari hii namleta kwenu Vivian Woodward wa Uingereza, mwanakandanda aliyevuma kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, naye hakucheza kwa mshahara hata siku moja.

Alizaliwa London tarehe 3 Juni 1879. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo. Kandanda aliicheza kwa ridhaa, kama mnavyoicheza ninyi baada ya vipindi. Hata hivyo alikuwa mshambuliaji wa Tottenham Hotspur, na tangu 1909 wa Chelsea, pamoja na wachezaji wa kulipwa. Aliichezea timu ya taifa ya England mara 23 na kupachika mabao 29. Akiwa nahodha, aliiongoza Uingereza kutwaa dhahabu ya Olimpiki London 1908 na Stockholm 1912, zote kwa kuifunga Denmark.

Vita vilipozuka 1914 alijiunga na jeshi, umri wake miaka 35. Aprili 1915 Chelsea iliingia fainali ya Kombe la FA. Mshambuliaji wao, Bob Thomson, alikuwa ameumia mkono, hivyo Woodward akapewa ruhusa jeshini aje kucheza. Kombe hilo alikuwa hajalipata, na umri ulikuwa unakwenda. Lakini Thomson alipopata nafuu, Woodward alikataa kuchukua nafasi ya mtu aliyeifikisha timu fainali. Thomson akacheza, na Chelsea ikafungwa na Sheffield United mabao 3-0.

Baadaye alikwenda Ufaransa na Kikosi cha 17 cha Middlesex, kikosi cha wanakandanda. Humo alikuwamo pia Walter Tull, mchezaji mweusi aliyepanda hadi cheo cha ofisa na kuuawa vitani Machi 1918. Januari 1916 bomu la mkono lilimjeruhi Woodward pajani. Miezi mitatu baadaye vita hivyo hivyo vilifika kwetu, majeshi ya Jenerali van Deventer yalipopita Ufiome yakielekea Kondoa.

Woodward alipona, lakini hakuichezea Chelsea tena. Alikuwa mkulima, na kwa miaka kadhaa mkurugenzi wa klabu hiyo. Alifariki tarehe 31 Januari 1954.

Vijana, nafasi uwanjani ni 11 tu. Anayempisha aliyetoa jasho zaidi, naye ameichezea timu.