Houlding: Muuza bia aliyekimbiwa na Everton, akaianzisha Liverpool

SHABIKI wa ugenini anayeshuka Anfield siku ya mechi huwa na maswali matatu: lango lake liko upande gani, basi la kurudi linaondoka saa ngapi, na bia nzuri inapatikana wapi kabla mpira haujaanza.

Hilo la tatu kwa Waingereza si utani. Tangu mwaka 1985 wana sheria inayokataza shabiki kunywa pombe mahali anapouona uwanja mechi ikiendelea. Sheria hiyohiyo inakataza kupakia pombe kwenye basi la kukodi linalopeleka mashabiki mpirani. Ndiyo maana baa zilizo jirani na viwanja zinafurika saa tatu kabla ya filimbi ya kwanza. Anayetaka kulowesha koo inabidi amalizane nalo huko.

Sasa, ukitoka upande wa jukwaa la Kop na kuifuata barabara ya Oakfield, unakutana na baa inaitwa The Sandon. Wengi huingia, hupiga picha mbili tatu, hunywa na kuondoka. Wachache wanajua kuwa bila baa hii na bila jamaa aliyekuwa anaimiliki, Majogoo wa Anfield wasingekuwepo. Jamaa huyo ni John Houlding, na kilichomtajirisha ni bia.

Mtoto wa mfuga ng'ombe

Houlding alizaliwa Liverpool mwaka 1833. Baba yake alikuwa anafuga ng'ombe wa maziwa palepale mjini, kazi ya kawaida kwa zama zile, maana maziwa hayakuweza kusafirishwa mbali bila kuharibika. Nyumbani hakukuwa na fedha za kuchezea. Kijana aliacha shule mapema akaingia mtaani kutafuta.

Riziki yake aliipata kwenye kiwanda cha bia cha watu wengine. Alianza chini kabisa, akapanda hadi usimamizi, na muda wote alikuwa anaweka akiba. Akanunua baa. Ilipomlipa, akaenda hatua ya mbele zaidi: akajenga kiwanda chake mwenyewe kwenye kitongoji cha Everton.

Hapo ndipo mkwanja ulipokuja wa kweli. Liverpool ilikuwa bandari kubwa, imejaa makuli, mabaharia na mafundi, na bia ya pipa ndiyo iliyokuwa starehe yao baada ya kazi. Bia hiyo huendelea kuiva ikiwa ndani ya pipa kwenye chumba cha chini ya baa, haitiwi gesi ya kiwandani, na huvutwa juu kwa pampu ya mkono. Haiwi ya barafu, ni ya ubaridi wa kawaida tu. Hadi leo wapo Waingereza wanaosafiri na timu zao huku wakitafuta baa zinazouza bia hiyo, na tangu mwaka 1971 kuna chama chao maalumu cha kuitetea. Enzi za Houlding haikuhitaji mtetezi. Kila mtu alikuwa anaikunywa.

Fedha ikamfungulia mlango wa siasa. Akawa diwani wa chama cha Conservative, mtu wa kamati kila kona, na watu wakambatiza jina la Mfalme John wa Everton. Wengine walilitamka kwa heshima, wengine kwa kejeli.

Timu ya kanisa yaingia baa

Wakati Houlding anajenga jina, vijana wa kanisa la Methodisti la St Domingo walikuwa wameanzisha timu yao mwaka 1878. Mwaka uliofuata walibadilisha jina ikawa Everton, kwa kuwa wachezaji wasio wa kanisa hilo nao walitaka kucheza. Kikao cha kubadilisha jina nacho kilifanyikia kwenye hoteli yenye baa.

Timu ilianza kwenye bustani ya wazi ya Stanley Park, ikahamia uwanja wa barabara ya Priory, na huko mwenye eneo akachoshwa na kelele za mashabiki. Wakatakiwa kuondoka. Ndipo Houlding, aliyekuwa rais wa klabu, akawatafutia kiwanja kwenye barabara ya Anfield mwaka 1884. Eneo lilikuwa mali ya John Orrell, naye pia mtengeneza bia.

Septemba 28, 1884, Everton ikacheza mechi ya kwanza Anfield na kuifunga Earlestown mabao 5-0. Naam, waliofungua Anfield ni Everton.

Uwanja haukuwa na vyumba vya kubadilishia nguo. Wachezaji walivalia jezi The Sandon, kisha wakatoka kwenda uwanjani. Baada ya mechi walirudi palepale, na mashabiki nyuma yao. Baa ilikuwa ya Houlding, bia iliyouzwa mle ilitoka kiwandani kwa Houlding, na hata ndani ya uwanja haki ya kuuza vinywaji ilikuwa yake peke yake. Kila bao la Everton lilikuwa linaingiza fedha kwenye mfuko wa rais.

Tusimuonee, hakuwa peke yake. Pale Manchester, timu ya Ardwick, ambayo leo ni Manchester City, nayo ilikuwa inavalia jezi kwenye baa ya jirani iitwayo Hyde Road Hotel, na kiwanda cha bia cha Chesters kiliwagharamia jukwaa ili kipewe haki ya kuuza bia uwanjani. Soka la Uingereza wakati ule halikuwa na haki za matangazo ya televisheni. Lilikuwa na wauza bia.

Kodi yawasha moto

Kwa miaka michache mambo yalikwenda kiroho safi. Mwaka 1888 Everton ikawa moja ya timu 12 zilizoanzisha Ligi ya Uingereza. Mwaka 1891 ikatwaa ubingwa, ikiwa Anfield. Maelfu walikuwa wanajaa kila wiki.

Houlding, ambaye kufikia hapo alikuwa ameununua uwanja kutoka kwa Orrell, alitaka sehemu ya neema hiyo. Kodi ya pango ilianzia Pauni 100 kwa mwaka, ikapanda hadi karibu Pauni 250. Kwa hesabu zake ilikuwa haki: yeye ndiye aliyetoa uwanja, yeye ndiye aliyeikopesha klabu wakati haina kitu, na timu sasa inaingiza.

Wanachama waliona vingine. Wengi wao walitoka kwenye kanisa lililokuwa linapiga vita ulevi, na kuvalia jezi ndani ya baa kulikuwa kumewakwama kooni siku nyingi. Kiongozi wao alikuwa George Mahon, mhasibu aliyekuwa pia mpiga kinanda wa kanisa la St Domingo. Hoja yake haikuwa ya dini peke yake. Alitaka klabu iwe mali ya wanachama, siyo tawi la kiwanda cha bia.

Houlding akaja na pendekezo: klabu iwe kampuni, inunue uwanja wake pamoja na ardhi ya Orrell iliyobaki jirani. Wapinzani wake wakapiga hesabu, wakaona wanauziwa kitu ghali na faida kubwa inarudi kwa rais yuleyule. Wakamgomea.

Mabishano ya mwenye fedha na wenye kadi si mageni kwa shabiki wa soka popote pale. Tofauti ni kwamba wale wa Everton hawakuishia kununa na kugombea ofisi. Mwanzoni mwa mwaka 1892 waliamua kuhama kabisa. Walivuka Stanley Park, wakapata uwanja wa majani uliojaa takataka, wakausafisha na kuujenga, na Agosti 1892 ukafunguliwa kwa jina la Goodison Park.

Uwanja bila timu

Fikiria hali ya Houlding Machi 1892. Ana uwanja wenye majukwaa, ana baa iliyo jirani na uwanja, ana bia, lakini hana timu. Wanachama wamemuondoa madarakani. Mtu mwingine angeuza ardhi ijengwe nyumba na biashara iishe.

Yeye alijaribu kwanza kung'ang'ania jina. Alikuwa ameshasajili kampuni yenye jina la Everton ndani yake, akidhani atabaki nalo hata wenzake wakiondoka. Chama cha Soka kikamtolea nje: jina ni la wanachama waliohama.

Hakukubali kinyonge. Machi 15, 1892, nyumbani kwake barabara ya Anfield, alikaa na wachache waliobaki upande wake. Alikuwepo John McKenna, mfanyabiashara kutoka Ireland, na William Barclay, aliyependekeza timu mpya iitwe Liverpool. Mfalme John akatoa Pauni 500 za kuanzia.

Fedha hizo zilimpeleka McKenna Scotland kusaka wachezaji, maana Waskoti ndio waliokuwa wanaujua mpira wa pasi kuliko wote. Kikosi cha kwanza kilijaa Waskoti karibu chote, majina yakianzia na Mac au Mc hadi mtangazaji wa leo angechoka. Jezi walizovaa zilikuwa za bluu na nyeupe. Ule wekundu tunaoujua ulikuja miaka michache baadaye.

Septemba 1, 1892, Liverpool ikacheza mechi ya kwanza Anfield, ya kirafiki, na kuichapa Rotherham Town mabao 7-1. Waliokuja kutazama walikuwa wachache mno. Jiji lilikuwa limeifuata Everton ng'ambo ya bustani. Kama kuna siku ya kumcheka muuza bia, ilikuwa hiyo.

Kicheko hakikudumu. Msimu wa 1893/94 Liverpool iliingia Daraja la Pili na kumaliza mechi zote 28 bila kufungwa hata moja. Kwenye mechi ya kuamua nani apande na nani ashuke, ikaifunga Newton Heath mabao 2-0 na kuishusha daraja. Newton Heath ndiyo Manchester United ya leo. Utani wa jadi wa timu hizo mbili una mizizi ya mbali kuliko wengi wanavyodhani.

Liverpool ilishuka mwaka 1895, ikarudi mwaka uliofuata, na Aprili 1901 ikaifunga West Bromwich Albion bao 1-0 kwao na kutwaa ubingwa wake wa kwanza wa Ligi. Ilikuwa imetimiza miaka tisa tu. Mzee Houlding, ambaye tangu mwaka 1897 alikuwa amewahi kuwa hata Meya wa jiji, aliuona ubingwa huo kwa macho yake.

Alivyoagwa

Afya yake haikuwa nzuri tena. Machi 17, 1902, miaka kumi na siku mbili baada ya kile kikao cha nyumbani kwake, alifariki Nice, Ufaransa, alikokwenda kupumzika. Alikuwa na miaka 68.

Mwili ulirudishwa Liverpool. Bendera zilishushwa nusu mlingoti Anfield na Goodison pia. Inasimuliwa kuwa jeneza lake lilibebwa na wachezaji wa Liverpool na wa Everton pamoja, wale aliowaanzisha na wale waliomkimbia. Ugomvi wa kodi ulikuwa umeshazikwa kabla yake.

Mwaka huohuo, Newton Heath ikiwa hoi kwa madeni, mtu mwingine akajitokeza kuilipia na ikapewa jina la Manchester United. Aliitwa John Henry Davies. Kazi yake? Mwenye kiwanda cha bia.

Leo Houlding ana mtaa wenye jina lake jirani na Anfield, na sanamu ya kichwa chake ipo uwanjani. Kiwanda chake hakipo tena. The Sandon ipo bado, na siku ya mechi inajaa kama zamani, ingawa wachezaji wamehama siku nyingi kwenda kuvalia chini ya jukwaa.

Kwa anayesafiri na timu ngeni, uzoefu wa miaka mingi ni kwamba mashabiki wageni hukusanyika The Arkles, baa nyingine ya palepale barabara ya Anfield. Akitaka kuingia The Sandon, ni vizuri aache skafu ya timu yake begini, anywe taratibu na asizomee mtu. Na akimkuta shabiki wa Liverpool anamcheka wa Everton, amkumbushe kwa upole: Mahon na wenzake wangekubali kulipa Pauni 250 na kuendelea kuvalia jezi humo baa, Liverpool isingezaliwa, na anayetamba angekuwa amevaa bluu.