Aliviona visiwa vya kongosho, akafa bila kujua kazi yavyo

MWANAFUNZI wa udaktari mwenye umri wa miaka 21 alipowasilisha tasnifu yake jijini Berlin mnamo 1869, wachache walitambua uzito wa kile alichokiona ndani ya kongosho la sungura.

Paul Langerhans alizaliwa jijini humo Julai 25, 1847, babake akiwa daktari. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Rudolf Virchow, gwiji aliyefundisha kwamba kila seli, hata ya saratani, hutokana na seli nyingine. Kupitia hadubini, Langerhans aliona kuwa katikati ya seli zinazotoa maji ya kusaga chakula kulikuwa na vikundi vya seli ndogo, angavu, vilivyotawanyika mithili ya visiwa. Alikiri waziwazi kwamba hakujua kazi yavyo, ungamo la nadra kwa kijana anayesaka shahada.

Nyota yake ilikuwa ikipanda. Lakini mnamo 1874, akiwa profesa jijini Freiburg, alipatwa na kifua kikuu. Dawa haikuwapo, wagonjwa walishauriwa kutafuta hewa safi. Alihamia Madeira, kisiwa cha Ureno katika bahari ya Atlantiki, na mjini Funchal akawatibu wagonjwa wenzake huku akichunguza minyoo ya baharini. Alifunga ndoa mnamo 1885. Julai 20, 1888 alifariki kwa maradhi ya figo, siku tano kabla ya kutimiza miaka 41.

Mwaka uliofuata, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Mnamo 1893 Mfaransa Edouard Laguesse akavipa visiwa hivyo jina la Langerhans. Insulini, inayotengenezwa humo, ilipatikana jijini Toronto, Kanada, mnamo 1921.

Hata hivyo, visiwa hivyo vina upande mchungu. Saratani nyingi za kongosho hufanana na seli za mirija yake. Chache, kama ile aliyougua Steve Jobs aliyefariki 2011, ni za jamii ya seli za visiwa. Mnamo 1985 mtafiti Douglas Hanahan alichapisha habari za panya aliowapandikiza jeni ya virusi iliyofanya kazi ndani ya seli za insulini. Panya hao waliota uvimbe katika visiwa. Ajabu ni kwamba, ingawa jeni hiyo ilienea katika visiwa vyote, ni vichache tu vilivyogeuka kuwa uvimbe. Kwa nini hivyo, na si jirani zavyo, ndilo swali ambalo watafiti wamelifuatilia kwa panya wa ukoo huo tangu wakati huo.